Nukta zinazorudi sifuri

Chukua mlinganyo y² = x³ + 1. Ukiuchora kwenye karatasi ya miraba utapata mkunjo unaoanzia kushoto penye (−1, 0), kisha unafunguka kuelekea kulia kwa mikono miwili, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka. Nukta (2, 3) imo, maana 2³ + 1 ni 9, na 9 ni mraba wa 3. Piga tanjenti hapo. Mteremko wake ni 3x² kugawa kwa 2y, yaani 12 kwa 6, jibu 2. Mstari huo unaukata tena mkunjo penye (0, −1). Igeuze nukta hiyo juu chini uipate (0, 1): hiyo ndiyo (2, 3) mara mbili. Unganisha (0, 1) na (2, 3) kwa rula, mstari utakutana na mkunjo penye (−1, 0), ambayo hata ukiigeuza inabaki ilivyo. Hiyo ni mara tatu. Mara nne ni (0, −1), mara tano ni (2, −3), na mara ya sita mstari unasimama wima, hauugusi mkunjo tena popote kwenye karatasi. Wanahisabati husema umekutana nao mbali kusiko na kikomo, na nukta hiyo ya mbali ndiyo sifuri ya hesabu hii.

Nukta inayojumlishwa na nafsi yake mara kadhaa hadi ikarudi sifuri huitwa nukta ya torsheni. Mwendo wake ni wa saa ya ukutani: anza saa kumi na mbili, ongeza saa mbili mbili, na kwenye hatua ya sita umesimama ulipoanzia.

Sasa tazama mkunjo jirani, y² = x³ − 2. Nukta (3, 5) imo, kwa kuwa 27 toa 2 ni 25. Ifanyie hesabu ileile ya tanjenti. Mteremko ni 27/10, na mara mbili ya nukta hiyo ni (129/100, −383/1000). Ukiendelea, tarakimu zinaongezeka kwa kasi ya kutisha na karatasi haitakutosha. Trygve Nagell mwaka 1935 na Élisabeth Lutz mwaka 1937 walithibitisha kwamba kwenye milinganyo ya umbo hili, yenye namba kamili, kila nukta ya torsheni ambayo viwianishi vyake ni namba wiani (zile zinazoandikika kama sehemu ya namba kamili mbili) lazima viwianishi hivyo viwe namba kamili. Ile 129/100 imeshatoa hukumu: nukta (3, 5) haitarudi sifuri kamwe. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kutumia kipimo hiki kwa kalamu na karatasi tu.

Kuanzia hapa yanazaliwa maswali mawili, na wengi wanaoingia kwenye somo hili huyachanganya. La kwanza: ukijifunga kwenye namba wiani, nukta za torsheni zinaweza kuwa ngapi, na mizunguko yake ina urefu gani? La pili: ukiruhusu namba changamano zote, ni nukta ngapi za mkunjo wenyewe zinazoangukia kwenye torsheni? La kwanza linategemea namba unazokubali kutumia, la pili linategemea umbo la mkunjo. Majibu yaliyopatikana, hata hivyo, yana sura moja. Torsheni ni haba, na popote inapojaa kuna muundo uliofichika unaoilea.

Swali la kwanza lina historia ya kusikitisha kidogo. Mwaka 1908, kwenye mkutano wa kimataifa wa wanahisabati uliofanyika Roma, Beppo Levi alieleza ni makundi gani ya torsheni (nukta zote za torsheni za mkunjo mmoja kwa pamoja) aliyoamini yanawezekana kwenye mikunjo ya eliptiki, yaani ya aina ya ile miwili ya mwanzo, juu ya namba wiani. Hakuwa na uthibitisho kamili, na kisio lake likasahaulika. Miaka thelathini baadaye sheria za kibaguzi za Italia zilimwondoa kazini kwa sababu ya Uyahudi wake, akahamia Rosario, Argentina. Wengine walilifikia kisio hilohilo upya, na ni Barry Mazur aliyelithibitisha mwaka 1977: makundi ni 15 tu, basi. Mzunguko unaweza kuwa na urefu wowote kuanzia 1 hadi 10, au 12. Wa 11 haupo, wala wa 13, wala wowote unaozidi hapo.

Kwa nini 11 haipo? Jibu lake ndilo linaloonyesha uzuri wa jambo lote. Mikunjo ya eliptiki yenye nukta ya mzunguko wa 11 inaweza kukusanywa yote pamoja, na mkusanyiko huo wenyewe ukawa mkunjo, ambao mlinganyo wake ni y² + y = x³ − x². Kila nukta wiani ya mkunjo huu wa pili ingekuwa shahidi wa mkunjo mmoja wa eliptiki tunaoutafuta. Basi tuhesabu mashahidi. Wapo watano: (0, 0), (0, −1), (1, 0), (1, −1), na ile ya mbali kusiko na kikomo. Wote watano ni nukta za torsheni, zinazorudi sifuri kwa hatua tano, na wote wameketi kwenye pembe za mkusanyiko, mahali ambapo mkunjo wa eliptiki unaporomoka na kuacha kuwa mkunjo wa eliptiki. Hakuna shahidi hata mmoja aliye hai. Billing na Mahler walilimaliza suala hili mwaka 1940. Torsheni ya mkunjo mmoja imezuia torsheni ya mikunjo mingine yote. Mazur aliichukua hila hiyo na kuifanya itumike kwa kila namba tasa, kazi iliyohitaji mashine nzito zaidi kwa mbali, lakini mbegu yake ni hii.

Vyuo vyetu havisemi vya kutosha kwamba mwanahisabati wa Nigeria ana sehemu kubwa katika hadithi hii. M. A. Kenku ndiye aliyekamilisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi ya Mazur kuhusu isojeni, yaani mahusiano kati ya mikunjo ya eliptiki yanayotokana na makundi haya ya kuzunguka. Mwaka 1988, yeye na Fumiyuki Momose wa Japani walichapisha orodha ya torsheni pale unapoongeza kipeuo cha pili kimoja kwenye namba wiani. Sheldon Kamienny alifunga pengo la mwisho mwaka 1992, na orodha ikasimama kwenye makundi 26. Miaka minne baadaye Loïc Merel alithibitisha jambo pana zaidi: chagua digrii yoyote ya namba unazoruhusu (kuongeza kipeuo cha pili kimoja ni digrii ya 2), na kutakuwa na kikomo kimoja cha torsheni kwa mikunjo yote ya eliptiki ya digrii hiyo, bila kujali ni mkunjo upi.

Mikunjo ya eliptiki inajumlisha nukta zake yenyewe. Mikunjo mingine haina bahati hiyo. Kila mkunjo, ukitazamwa kwa namba changamano, ni uso wenye idadi fulani ya matundu, na idadi hiyo huitwa jenasi. Mkunjo wa eliptiki una tundu moja. Kuanzia jenasi ya 2, ile hila ya tanjenti na rula haifanyi kazi tena. Dawa yake imetokana na Abel na Jacobi, karne ya 19: usijumlishe nukta moja moja, jumlisha makundi ya nukta. Matokeo yake ni jengo kubwa zaidi lenye hesabu kamili ya kujumlisha, lililopewa jina la Jacobi, jakobiani. Mkunjo wa jenasi g una jakobiani ya vipimo g, na ukichagua nukta moja ya kuanzia, mkunjo wenyewe unakaa ndani ya jakobiani yake kama uzi ndani ya chumba.

Jakobiani imejaa torsheni. Nukta zinazorudi sifuri kwa hatua n ni n²ᵍ; kwa jenasi ya 2 na hatua tano, hizo ni 625. Ukiruhusu hatua zozote, zimetapakaa kila upenyo. Hapo ndipo swali la pili linapopata makali: ule uzi mwembamba unapita kwenye ngapi kati ya hizo?

Jaribu y² = x⁵ + 1, na nukta ya mbali iwe mwanzo. Nukta tano zenye y = 0 zinarudi sifuri kwa hatua mbili. Nukta (0, 1) inarudi kwa hatua tano, na sababu inaonekana kwa macho: badilisha mlinganyo uwe (y − 1)(y + 1) = x⁵, uone kwamba y − 1 inafutika pale penye (0, 1) mara tano na haifutiki penginepo. Vivyo hivyo kwa (0, −1). Pamoja na nukta ya mwanzo, tayari tuna nane bila jasho. Lakini ni mkunjo wenye ulinganifu wa kipekee, tena umechaguliwa kwa makusudi. Ukiokota mlinganyo wa digrii ya tano bila kuchagua, hutarajii zaidi ya zile zinazolazimishwa na umbo lake.

Yuri Manin na David Mumford, kila mmoja kivyake, walikisia kwamba mkunjo wa jenasi ya 2 au zaidi hauwezi kupita kwenye nukta za torsheni zisizo na idadi. Michel Raynaud alithibitisha hivyo mwaka 1983, mwaka uleule ambao Gerd Faltings alithibitisha kisio la Mordell kuhusu nukta wiani. Faltings ndiye aliyepata umaarufu. Kwa maoni yangu Raynaud alistahili zaidi ya alichopata, kwa kuwa kisio la Manin na Mumford limezaa mbinu nyingi kuliko karibu kisio lolote lingine la enzi hizo.

Kabla ya mbinu hizo, kuna mfano mdogo wa jambo hilohilo. Tafuta namba changamano mbili, x na y, ambazo kila moja ikizidishwa na nafsi yake mara kadhaa inarudi 1, na ambazo jumla yake ni 1. Zote mbili ziko kwenye duara la nusu kipenyo 1. Ili jumla yao iwe 1, sehemu zake za wima lazima zifutane na za mlalo ziwe nusu nusu. Kwa hiyo kuna jozi mbili tu, zote za pembe za nyuzi 60 juu na chini, na kila moja inarudi 1 kwa hatua sita. Badilisha mlinganyo uwe xy = 1, na jozi hazina idadi. Tofauti ni kwamba xy = 1 ni kundi lenyewe: zidisha majibu mawili, utapata jibu la tatu. Mlinganyo x + y = 1 hauna tabia hiyo, basi hauwezi kulea majibu mengi. Hapa ndipo kanuni nzima ilipo, na thiorema ya Raynaud ni kanuni hiyohiyo katika nyumba kubwa zaidi.

Raynaud mwenyewe alitazama mkunjo kwa mabaki ya kugawa kwa mraba wa namba tasa. Lucien Szpiro, Emmanuel Ullmo na Shou-Wu Zhang walionyesha jinsi nukta za kimo kidogo (kimo ni kipimo cha ugumu wa kuiandika nukta) zinavyojisambaza sawasawa, jambo lisilowezekana juu ya uzi. Ehud Hrushovski alikuja na mantiki tupu, nadharia ya modeli. Lakini uthibitisho ninaoupenda ni wa Jonathan Pila na Umberto Zannier wa mwaka 2008. Wao waliifumua jakobiani na kuitandaza kama kipande cha nafasi chenye gridi. Kwenye gridi hiyo, nukta inayorudi sifuri kwa hatua n ina viwianishi vya sehemu ambavyo asili yake ni n. Mkunjo ukitandazwa hivyo unageuka kuwa umbo lisilotii mlinganyo wowote wa aljebra, na Pila pamoja na Alex Wilkie walikuwa wamethibitisha mwaka 2006 kwamba maumbo ya namna hiyo hubeba namba wiani chache sana. Upande wa pili, nukta ya torsheni yenye n kubwa haitembei peke yake: milinganyo inayoizaa huzaa pia ndugu zake wengi, na David Masser alionyesha kwamba idadi ya ndugu hao hukua kwa kipeo cha n. Mkunjo ukiwa na mmoja wao, unao wote. Haba kwa upande mmoja, wengi kwa upande mwingine, na n inapokuwa kubwa mno pande hizo mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Basi n ina kikomo. Mbinu hii baadaye ndiyo iliyofungua njia ya kuthibitisha kisio la André na Oort, ndugu wa lile la Manin na Mumford.

Kujua kwamba idadi ina mwisho si sawa na kuijua. Robert Coleman alitumia miaka mingi kuzihesabu nukta zenyewe. Pamoja na Akio Tamagawa na Pavlos Tzermias alionyesha, mwaka 1998, kwamba kwenye mkunjo wa Fermat, xᵐ + yᵐ = 1, wa digrii 4 na kuendelea, ukianzia kwenye moja ya pembe zake (hapa ni nukta ambazo x au y ni sifuri, na zile za mbali kusiko na kikomo), nukta za torsheni ni zile pembe tu, hakuna hata moja ya ziada. Miaka michache iliyopita swali limebadilika sura: je, kikomo kinategemea mkunjo, au jenasi pekee? Laura DeMarco, Holly Krieger na Hexi Ye walijibu kwa familia moja ya jenasi ya 2 mwaka 2020. Vesselin Dimitrov, Ziyang Gao na Philipp Habegger wakasukuma mlango kwa mikunjo inayotoka kwenye namba za aljebra, na Lars Kühne akaufungua wote: idadi ya nukta za torsheni juu ya mkunjo wa jenasi g haizidi namba fulani inayotegemea g peke yake. Swali la pili, kwa sura yake hii, limefungwa.

Msomaji anaweza kuuliza haya yote yanamsaidia nani. Abel alikuwa na jibu mwaka 1826. Chukua intigrali ya x kugawa kwa kipeuo cha pili cha x⁴ + 10x² − 96x − 71. Ina jibu safi, logariti ya fomula ndefu inayofika x⁸. Badilisha 71 iwe 72, na jibu la namna hiyo halipo, hata ukeshe. Tofauti hiyo ni ya torsheni. Mkunjo y² = x⁴ + 10x² − 96x − 71 una nukta mbili mbali kusiko na kikomo, na tofauti kati yao inarudi sifuri kwa hatua nane; kwa 72 haitarudi kamwe. Ndiyo sababu programu za kompyuta zinazotafuta intigrali za aina hii hulazimika kuuliza swali la torsheni kabla ya kujibu, na ndiyo sababu Masser na Zannier waliandika juu ya suala hilo tena mwaka 2020.

Jibu la pili liko mfukoni mwako. WhatsApp hufunga ujumbe kwa mkunjo uitwao Curve25519, y² = x³ + 486662x² + x, kwa hesabu za mabaki ya kugawa kwa namba tasa 2²⁵⁵ − 19. Kwenye hesabu za mabaki nukta zina idadi maalumu, kwa hiyo kila nukta ni ya torsheni. Usalama unatokana na urefu wa mzunguko. Kundi lote lina ukubwa wa 8 mara namba tasa moja kubwa mno. Ile 8 ni torsheni fupi, na mvamizi anaweza kukutumia nukta yake ili avune kipande cha siri yako. Ndiyo maana biti tatu za chini za ufunguo wa siri hufutwa kabla ya hesabu kuanza.

Wenye mfumo wa usimbaji uitwao SIKE hawakuwa na kinga ya kutosha. Ulibuniwa kuhimili kompyuta za kwanta, na ulitangaza hadharani mahali ambapo nukta fulani za torsheni zilipelekwa na isojeni ya siri. Mwaka 2022 Wouter Castryck na Thomas Decru walizichukua nukta hizo, wakapanda hadi kwenye jakobiani za jenasi ya 2 kwa kutumia thiorema ya Ernst Kani ya mwaka 1997, na wakauvunja kwa takriban saa moja kwenye kiini kimoja cha kompyuta. Kazi iliyoonekana ya kinadharia tupu kwa robo karne ilizika mradi mzima.

Linabaki swali la kwanza, kwa jenasi ya 2. Kwa mkunjo wa eliptiki Mazur alishasema: 12, basi. Kwa jakobiani za mikunjo ya jenasi ya 2 juu ya namba wiani, Everett Howe amepata nukta inayorudi sifuri kwa hatua 70. Kama kuna kikomo chochote juu ya hapo, hadi leo hakuna aliyethibitisha.